Tusingoje moshi ufuke angani ndipo tukaze skrubu

FUNDI wa nyaya za magari katika mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, hahitaji shahada ya chuo kikuu ili kueleza kwa nini matatu hushika moto ikiwa barabarani. Mara nyingi chanzo si kasoro kubwa. Ni waya uliolegea mahali unaposhikana na betri, au uliochubuka ukagusa chuma. Umeme unapolazimika kupita penye mshiko hafifu, mahali hapo hupata joto. Joto hilo huzidi kuuharibu mshiko, na mshiko unavyoharibika ndivyo joto linavyozidi. Mwisho wake ni plastiki kuyeyuka, kisha moshi, kisha moto.

Dereva wa matatu anapoona moshi ukifuka chini ya usukani, anayo njia ya kujiokoa. Hukanyaga breki, akaegesha kando ya barabara, akawashusha abiria na kuuchomoa waya wa betri.

Rubani aliye futi 35,000 juu ya ardhi hana kando ya barabara.

Hii ndiyo sababu nyaya kupata joto kupita kiasi, na moshi kufuka katika chumba cha marubani, ni miongoni mwa mambo yanayoogopwa mno katika usafiri wa anga. Huenda Mkenya wa kawaida akadhani kwamba hayo ni masuala ya wahandisi wa Marekani na Ulaya. La hasha. Kijana wa Bondeni anayekwenda kutafuta riziki Dubai au Doha hupanda ndege. Mfanyakazi wa shamba la maua kule Naivasha, ambaye jasho lake husafirishwa kwa ndege za mizigo kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA), hutegemea ndege. Mlipa ushuru ambaye serikali yake imetumia mabilioni ya shilingi kuliokoa shirika la Kenya Airways ana haki ya kujua pesa hizo zinalinda nini.

Na kwa yeyote anayedhani kwamba kadhia hii iko mbali nasi, kuna ndege moja iliyotua Nairobi ambayo hadithi yake inatosha kumzindua.

Kikulacho ki nguoni mwako

Itakumbukwa kwamba mnamo Januari 2013 ndege zote za aina ya Boeing 787 Dreamliner, zilizokuwa 50 pekee kote duniani wakati huo, zilipigwa marufuku kuruka. Betri kubwa ya lithiamu ilikuwa imeshika moto katika ndege ya shirika la Japan Airlines iliyokuwa imeegeshwa mjini Boston, Marekani, mnamo Januari 7. Siku tisa baadaye, betri ya ndege ya All Nippon Airways ilifuka moshi angani na kuwalazimu marubani kutua kwa dharura katika uwanja wa Takamatsu, Japan.

Baada ya miezi mitatu ya marekebisho, shirika la kwanza kurejesha Dreamliner kazini lilikuwa Ethiopian Airlines. Safari yenyewe ilifanyika Aprili 27, 2013, kutoka Addis Ababa hadi Nairobi. Ndege iliyotua JKIA siku hiyo ilikuwa imepewa jina la Queen of Sheba, yaani Malkia wa Sheba.

Alasiri ya Julai 12 mwaka uo huo, ndege iyo hiyo ilikuwa imeegeshwa katika uwanja wa Heathrow, London. Hapakuwa na abiria wala rubani ndani. Ilikuwa imetulia hapo kwa saa kadhaa moshi ulipoonekana ukitoka katika sehemu ya juu, karibu na mkia. Wazimamoto walipofanikiwa kuudhibiti moto huo, sehemu ya paa la ndege ilikuwa tayari imeungua vibaya.

Wengi walidhani kwamba ni zile betri kubwa tena. Sivyo ilivyokuwa.

Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza, katika ripoti waliyoichapisha Agosti 2015, walieleza kwamba moto ulianzia katika kijisanduku kinachotoa ishara za redio ili waokoaji waipate ndege iliyoanguka. Ndani ya kijisanduku hicho mna betri ndogo ya lithiamu. Nyaya mbili za betri hiyo zilikuwa zimepishana na kubanwa chini ya kifuniko kilipofungwa mara ya mwisho. Kuna uwezekano mkubwa, walisema wachunguzi, kuwa nyaya hizo ziligusana, umeme ukapita pasipostahili, betri ikapata joto na kulipuka kwa moto.

Kifaa kilichotengenezwa ili kiokoe maisha nusura kiiteketeze ndege nzima. Kilichohitajika ili kuzuia hayo yote kilikuwa ni fundi kiwandani kuzilaza nyaya mbili mahali pake kabla ya kukaza kifuniko, na mkaguzi kutazama kabla ya kutia sahihi.

Bahati ni kwamba ndege ilikuwa ardhini na haikuwa na mtu. Ilikarabatiwa, ikarudi angani. Kufikia wakati ripoti ilipochapishwa, Kenya Airways nayo ilikuwa imeshaanza kutumia Dreamliner, ya kwanza ikiwa imewasili Nairobi Aprili 2014. Hivyo basi, ripoti ya wachunguzi wa London haikuwa ya Waethiopia peke yao. Ilikuwa yetu pia.

Kioo kinachopashwa moto

Katika chumba cha marubani chenyewe, mfano ulio wazi zaidi ni wa vioo vya mbele.

Abiria wengi hawajui kwamba vioo hivyo hupashwa moto kwa umeme. Katika anga ambamo ndege kubwa hupita, baridi hufika nyuzi 50 chini ya sufuri na zaidi. Kioo kisipopashwa moto huganda barafu, na rubani asione mbele. Isitoshe, joto hukipa kioo uwezo wa kustahimili pigo. Wakazi wa Nakuru, walio na ziwa lenye heroe na kila aina ya ndege wa majini, wanaelewa vyema maana ya ndege mwenye mabawa ya manyoya kukutana na ndege ya chuma.

Umeme huingia katika kioo kupitia kiungo kinachoshikiliwa na skrubu. Skrubu hiyo ikilegea, au ikifungwa upande, hutokea yaleyale anayoyajua fundi wa Bondeni. Tofauti ni kwamba moto huo huwaka sentimita chache mbele ya uso wa rubani.

Mnamo 2007 Bodi ya Kitaifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani (NTSB) iliitahadharisha serikali ya nchi hiyo kuhusu viungo hivyo katika ndege za Boeing 747, 757, 767 na 777, baada ya visa kadhaa vya moshi na moto. Ilipendekeza viungo vya skrubu viondolewe na mahali pake kuwekwe vya muundo mwingine. Agizo la lazima halikutoka upesi.

Mei 16, 2010, ndege ya Boeing 757 ya shirika la United Airlines ilikuwa safarini kutoka New York kuelekea Los Angeles. Moto ulizuka chini ya kioo cha mbele, upande wa nahodha. Nahodha alivaa kinyago cha oksijeni, akachukua kizimamoto na kuupuliza. Moto ulizimika, kisha ukawaka tena. Kizimamoto cha pili kililetwa kutoka upande wa abiria. Kabla ya kutua kwa dharura karibu na jiji la Washington, kioo nacho kilipasuka ufa. Hakuna aliyejeruhiwa.

Miezi michache baadaye, mwaka uo huo wa 2010, mamlaka ya safari za ndege ya Marekani (FAA) ilitoa agizo la lazima kwamba viungo vya vioo vya ndege za 757 vikaguliwe, na vilivyo na kasoro virekebishwe.

Msomaji atazame mpangilio wa miaka. Tahadhari 2007, moto 2010, agizo 2010. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.

Isidhaniwe kwamba hicho ni kisa kimoja kilichotokea kwa nadra. Mwaka wa 2008 ndege ya mizigo ya Boeing 767 iliungua ikiwa imeegeshwa San Francisco. NTSB ilibaini mwaka uliofuata kwamba mipira ya kupitishia oksijeni ilikuwa ya aina inayoweza kupitisha umeme, na kwamba haikuwa imetenganishwa vya kutosha na nyaya. Waya wenye hitilafu ukigusa mpira wa namna hiyo, mpira hupata joto kama kikaango, na ndani yake mna oksijeni, chakula cha moto.

Julai 29, 2011, katika uwanja wa Cairo, abiria zaidi ya 300 wa shirika la EgyptAir walikuwa wameketi katika Boeing 777 wakisubiri kuruka kwenda Jeddah. Moto ulilipuka katika chumba cha marubani, chini ya dirisha la rubani msaidizi, na kutoboa ubavu wa ndege. Nahodha alijaribu kuuzima akashindwa, akaamuru abiria watoke. Uchunguzi wa Misri ulinyoosha kidole kwenye hitilafu ya umeme iliyoipasha moto mipira ya oksijeni ya marubani. Amri ya FAA ya kubadilisha mipira hiyo katika ndege za 777 ilitolewa mwaka wa 2012.

Kenya Airways ilikuwa ikitumia ndege za aina zote mbili, 767 na 777, katika miaka hiyo.

Dakika 21

Swali ambalo huulizwa na wengi ni hili: je, moshi ukishatokea, si marubani wamefunzwa kutua haraka? Naam, wamefunzwa. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba wakati mwingine hata haraka haitoshi.

Septemba 2, 1998, ndege ya shirika la Swissair aina ya MD-11 iliondoka New York kuelekea Geneva. Saa nne na dakika kumi usiku, kwa saa za mashariki mwa Canada, marubani walinusa harufu isiyo ya kawaida. Dakika nne baadaye waliwaarifu waongozaji ndege kwamba mlikuwa na moshi. Walielekezwa Halifax, wakaanza kujiandaa kutua. Saa nne na dakika thelathini na moja ndege ilianguka baharini karibu na kijiji cha Peggy's Cove. Watu wote 229 waliangamia.

Kutoka harufu ya kwanza hadi maangamizi zilipita dakika 21. Mkazi wa Bondeni hawezi hata kufika Gilgil kwa matatu katika muda huo.

Wachunguzi wa Canada walichukua zaidi ya miaka minne kuvikusanya na kuviunganisha vipande vya ndege. Ripoti yao ya Machi 2003 ilieleza kwamba cheche za umeme katika nyaya zilizokuwa juu ya dari ziliwasha blanketi jepesi la kuzuia joto na kelele, ambalo liliaminika kuwa haliwezi kusambaza moto. Miongoni mwa nyaya zilizokutwa na alama za cheche ni zile za runinga na michezo ya kuwaburudisha abiria. La kuhuzunisha zaidi, hesabu za wachunguzi zilionyesha kwamba hata kama marubani wangeelekea Halifax moja kwa moja tangu walipoutambua moshi, hawangewahi kutua salama.

Funzo hilo ni zito. Lina maana kwamba kwa aina fulani ya moto, ujuzi wa rubani hauwezi kuwa tegemeo. Tegemeo ni fundi aliyezifunga nyaya, mkaguzi aliyezitazama, na ofisi iliyolazimisha blanketi libadilishwe.

Wenzetu walio katika nchi za Ghuba nao wana kumbukumbu yao. Jioni ya Septemba 3, 2010, ndege ya mizigo ya UPS aina ya Boeing 747 iliondoka Dubai kuelekea Cologne, Ujerumani. Ilikuwa imebeba, pamoja na mizigo mingine, maelfu kwa maelfu ya betri za lithiamu. Moto ulizuka katika sehemu ya mizigo ilipokaribia anga ya Bahrain, na marubani wakaamua kurudi. Moshi ulikijaza chumba chao hata wakashindwa kuviona vyombo vilivyo mbele yao. Oksijeni ya nahodha ilikatika, akaondoka kitini na hakurejea. Rubani msaidizi alibaki peke yake, hawezi kuona wala kubadilisha masafa ya redio, akipokea maelekezo kupitia ndege nyingine zilizokuwa karibu. Aliupita uwanja wa Dubai bila kuuona. Wote wawili walifariki ndege ilipoanguka.

Kila moshi una agizo lake

Ni kweli kwamba visa vya namna hii ni vichache vikilinganishwa na mamilioni ya safari za ndege kila mwaka, na kwamba idadi kubwa ya visa vya moshi huishia kwa ndege kutua salama. Anayesafiri kwa barabara kupitia Salgaa yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko aliye angani. Mwishoni mwa 2017, katika usiku mmoja tu, watu 36 waliuawa pale Migaa basi lilipogongana na lori.

Lakini ni lazima tujiulize kwa nini anga imekuwa salama kuliko barabara. Si kwa sababu ya bahati, wala si kwa sababu vyuma vya ndege haviungui. Ni kwa sababu katika usafiri wa anga, moshi haufuti. Kila kisa huandikwa. Chanzo hutafutwa hadi kwenye skrubu yenyewe. Kisha agizo hutolewa, na kila ndege ya aina hiyo, iwe Chicago, Addis Ababa au Nairobi, hutakiwa kukaguliwa kabla ya tarehe fulani. Fundi hutia sahihi kwamba ameikaza.

Baada ya ndege ya TWA kulipuka karibu na New York mwaka wa 1996 na kuua watu 230, na baada ya ile ya Swissair, Marekani ilitambua kwamba nyaya zilikuwa zikichukuliwa kama kitu cha kuwekwa na kusahauliwa. Ndege kubwa kama Boeing 747 ina nyaya za zaidi ya kilomita 200, urefu unaoipita barabara ya kutoka Nakuru hadi Nairobi. Nyaya hizo huzeeka, hutikiswa, humwagikiwa na maji na mafuta, na husuguana na chuma kwa miaka 20 au 30. Mwaka wa 2007 FAA ilipitisha kanuni zinazotaka nyaya zishughulikiwe kama mfumo kamili wa ndege, wenye ratiba yake ya kukaguliwa na kusafishwa, sawa na injini au magurudumu.

Marubani nao walibadilishiwa mafunzo. Zamani swichi ya usalama ilipojikata, rubani aliirudisha akaendelea na safari. Siku hizi hufundishwa kwamba swichi iliyojikata imemwambia jambo, na kwamba kuirudisha bila sababu ya lazima ni kuurudishia moto kuni.

Je, sisi tumejiandaa?

Hapa ndipo suala hili linapotugusa. Kenya haitengenezi ndege kubwa za abiria. Maagizo hutoka Marekani na Ulaya. Kazi yetu ni kuyatekeleza, na kuhakikisha kwamba yametekelezwa kwa vitendo wala si kwa karatasi tu. Jukumu hilo ni la Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA).

Kuna mambo matatu ambayo wananchi wanapasa kuyafuatilia.

Mosi, ni pesa za matengenezo. Shirika la ndege lililo taabani kifedha lina vishawishi vingi. Ndege iliyoegeshwa hailipi. Mnamo 2025 Kenya Airways ililazimika kuziegesha baadhi ya Dreamliner zake kwa kukosa injini na vipuri, huku uhaba wa vipuri ukiyasumbua mashirika mengi duniani, na hasara ikawa kubwa. Wapo waliolilaumu shirika hilo kwa sababu hiyo. Mwandishi huyu anaona kinyume. Ndege inayoegeshwa kwa kukosa kipuri ni ushahidi kwamba kanuni zimeheshimiwa. Siku ya kuogopa ni ile ambayo ndege itakosa kipuri na bado iruke. Wabunge wanapowahoji wakuu wa shirika hilo kuhusu faida na hasara, ni vyema pia waulize ni kiasi gani kinachotengewa karakana, na ni mafundi wangapi wamehama kwenda Ghuba ambako mishahara ni minono.

Pili, ni uhuru wa wachunguzi. Katika kisa cha Heathrow, wachunguzi wa Uingereza waliitaja hitilafu waziwazi, wakaitaja pia sehemu ya watengenezaji na ya wasimamizi walioidhinisha kifaa hicho, na ripoti nzima ikawekwa mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuisoma. Hapa nchini, idara ya kuchunguza ajali za ndege na KCAA zote ziko chini ya wizara moja inayosimamia uchukuzi. Siku ambayo uchunguzi utaonyesha kwamba mkaguzi wa serikali alitia sahihi bila kukagua, je, wizara itajinyooshea kidole? Kanuni za kimataifa zinataka mchunguzi awe huru. Uhuru huo unapaswa kuonekana katika sheria, katika bajeti na katika anayemwajibikia.

Tatu, ni uwazi kuhusu visa vidogo. Ajali kubwa haifichiki. Lakini harufu ya kuungua iliyonuswa na rubani na kutoweka baada ya dakika mbili, hiyo hufichika kwa urahisi. Marubani na mafundi wanapaswa kuwa na hakika kwamba wakiripoti hawataadhibiwa kwa kuchelewesha safari. KCAA nayo ingewafaa wananchi kwa kuchapisha kila mwaka idadi ya visa vya moshi na joto vilivyoripotiwa katika ndege zilizosajiliwa nchini, pamoja na hatua zilizochukuliwa. Takwimu kama hizo haziwatishi abiria. Ukimya ndio unaowatisha.

Tunayo sababu ya kuogopa ukimya huo. Alfajiri ya Agosti 7, 2013, majuma manne tu baada ya moto wa Heathrow, jengo la JKIA la kupokelea wageni kutoka nje liliteketea. Moto ulioanza ukiwa mdogo uliachwa ukawa mkubwa, wazimamoto wakikosa maji na vifaa vya kutosha, huku taifa zima likitazama kwenye runinga. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyefariki. Uwanja ambao ndege zake hukaguliwa hadi skrubu ya mwisho ulikuwa na jengo ambalo halikuwa tayari kukabiliana na moto. Ni bayana kwamba nidhamu ya ndani ya ndege haikuwa imevuka mlango na kuingia katika jengo.

Abiria naye ana sehemu yake

Si haki kuwabebesha mafundi na serikali mzigo wote. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mizigo zimepigwa marufuku katika ndege za abiria kote duniani. Lakini kila abiria huingia na betri yake mfukoni: simu, tarakilishi, na hasa betri za ziada za kuchajia simu.

Januari 28, 2025, ndege ya shirika la Air Busan nchini Korea Kusini iliteketea ikiwa bado ardhini, na uchunguzi ukaelekeza lawama kwa betri ya namna hiyo iliyokuwa katika kabati la mizigo juu ya abiria. Watu wote waliokolewa. Kuanzia Oktoba 1, 2025, Emirates, ambayo huwasafirisha Wakenya wengi kupitia Dubai, ilipiga marufuku kuzitumia betri hizo ndani ya ndege. Abiria anaruhusiwa kubeba moja, asiitumie, na asiiweke katika kabati la juu.

Kanuni ya kukumbuka ni nyepesi. Betri ya ziada haiwekwi katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, mahali ambapo hakuna mtu wa kuuona moshi. Ibebwe mkononi. Betri iliyovimba au ya bei ya kutupa iliyonunuliwa vichochoroni iachwe nyumbani. Na anayenusa harufu ya kuungua asione haya kumwita mhudumu. Heri kusumbua bure kuliko kunyamaza.

Wakazi wa Nakuru wamezungumziwa kwa miaka mingi kuhusu mpango wa kuupanua uwanja wa ndege wa Lanet ili wakulima wa maua na watalii wasilazimike kupitia Nairobi. Ni matumaini mema, hasa kwa mji uliopandishwa hadhi na kuwa jiji mnamo Desemba 2021. Lakini uwanja wa ndege si lami ndefu na jengo la kupendeza tu. Ni wazimamoto wenye maji, ni wakaguzi wasiohongeka, na ni vijana waliosomea kazi ya ufundi wa ndege wakailipwa vizuri. Baadhi ya vijana hao wako Bondeni leo, wakijifunza kwa mikono yao, chini ya boneti za matatu, kwamba waya uliolegea hauna msamaha.

Wanachokijua vijana hao ndicho kilichoigharimu dunia maisha ya watu 229 karibu na Peggy's Cove ili kikubalike. Moto wa umeme hauanzi siku unapoonekana. Huanza siku fundi alipoharakishwa, mkaguzi alipotia sahihi bila kutazama, na mkubwa wao alipoamua kwamba ukaguzi ungoje mwezi ujao. Siku hiyo ndiyo ya kuuzima, ndege ikiwa bado chini na skrubu ikiwa bado inaweza kukazwa kwa mkono.